MZEE HATAKI SABUNI TU



Ndugu zangu wa Bashay, Mbulu na Hanang, leo naomba niseme na wanafunzi.

Hapa kwetu Manyara, pale Magugu, yapo makazi ya wazee wasio na ndugu wa kuwatunza. Unguja yapo ya Sebleni na Welezo. Ramadhani ikifika, vikundi huenda na sukari, mchele na sabuni. Jazakumullahu khayran. Lakini wengi wetu tunakaa saa moja, tunapiga picha, tunaondoka hadi mwaka ujao.

Sukari huisha. Upweke unabaki.

Surat Al-Israa aya ya 23 inatufunza adabu kwa wazazi waliofikia uzee, na inasisitiza ulimi: namna ya kusema nao. Mali haikutajwa hapo. Na utasemaje vizuri na mtu ambaye hata jina lake hulijui?

Basi kijana, chagua mzee mmoja. Mrudie kila likizo. Muulize alikolima, alikochunga. Ukijua Kiiraqw au Kidatooga naye ni wa huko, msalimie kwa lugha ya mama yake. Zawadi hiyo haiuzwi dukani. Usianze kuuliza dini yake, wema haubagui. Picha, omba ruhusa kwanza, au iache.

Ila tahadhari: usiende Magugu ilhali bibi yako hapo Bashay hajasikia sauti yako tangu Idi. Anza nyumbani.

Allah atujaalie watoto watakaotukumbuka. Amin.