Acheni Kulia Ati Ngamia Hayuko Kwenye Gemu. Mwingizeni.

Kila nikiweka video ya gemu, lazima mtu aje kwa komenti na hii: "Na sisi je? Mbona hakuna gemu yenye iko na watu wa kwetu, ngamia wa kwetu, barabara ya Elwak?" Anapata laiki kibao. Watu ishirini wanamjibu "ukweli, walaal." Halafu wote ishirini na mmoja wanarudi Free Fire kununua almasi kwa M-Pesa.

Leo nataka tugombane juu ya hiyo komenti. Si kwamba ni uongo, malalamiko ni ya kweli. Lakini ni kilio cha mtu amesimama nje ya nyumba ambayo mlango hauna kufuli, na hata hajajaribu kuusukuma.

Kwanza, si kwamba hatumo kabisa. Tumo. Mwaka 2003 kampuni ya Marekani inaitwa NovaLogic ilitoa Delta Force: Black Hawk Down. Huko Wasomali tumejaa, na karibu wote ni shabaha. Mwaka 2025 hadithi hiyo hiyo ikarudi ndani ya Delta Force mpya, michoro safi kuliko ya kwanza, Mogadishu ile ile, na sehemu hiyo ikatolewa bila malipo. Kijana wa kwetu mwenye kompyuta nzuri anaweza kushinda usiku kucha akipiga risasi watu wenye sura ya mjomba wake. Na ataambiwa ashukuru, kwa sababu ni bure.

Nani alituandika hivyo? Mtu aliyekaa akaandika. Hakuna siri nyingine. Gemu ni kitu kimeandikwa, mstari kwa mstari, na mwenye kuandika ndiye anaamua nani atakuwa na jina na nani ataanguka tu.

Sasa hapa ndipo watu wanachanganya maneno mawili: bure na huria.

Free Fire ni bure. Unaipakua, unacheza, hulipi. Lakini huwezi kubadilisha hata rangi ya jiwe moja. Ukitaka shati jipya unalinunua, na siku wenyewe wakizima mitambo, shati lako linaenda nayo. Wewe ni mgeni, na mgeni hapangi viti.

Programu huria ni kitu kingine. Msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Unausoma, unaubadilisha, unampa jirani, na leseni inakulinda ukifanya hivyo. Mfano ni Luanti. Zamani ilikuwa inaitwa Minetest, ikabadilishwa jina Oktoba 2024. Ilianzishwa mwaka 2010 na Perttu Ahola, jamaa wa Finland. Dunia yake ni ya vipande kama ya Minecraft: unachimba, unajenga, unafuga. Inaingia kwenye simu ya Android. Lakini Minecraft ina mwenyewe, Microsoft, ambayo mwaka 2014 ilinunua kampuni ya Mojang kwa dola bilioni 2.5. Luanti haina tajiri wa kununuliwa kutoka kwake. Ni ya wale wanaoijenga, na kujenga hakuhitaji kualikwa.

Sasa ingia ndani uone ni nani ametangulia. Kuna kifurushi kimoja maarufu cha wanyama wa kuongeza kwenye Luanti. Kina ng'ombe, kondoo, kuku, sungura, nyuki. Sawa. Kina panda. Kina pengwini! Ndege wa barafu amefika, ngamia hajafika. Na ngiri yumo, lakini kwenye msimbo ameandikwa "pumba". Wallahi, pumba. Kitu chenye mama yangu anapepeta anatupa. Sidhani mtu alikuwa na nia mbaya. Hakukuwa tu na mtu wa kwetu ndani ya chumba wa kusema, "Ndugu, hilo neno kwetu lina maana nyingine."

Ndiyo maana nasema kutokuwepo kwetu si njama. Kwenye gemu hizi, asiyetuma kitu hayumo, basi. Angalia 0 A.D., gemu huria ya vita vya kale. Mwaka 2018 iliongezewa ufalme wa Kushi, ule wa mto Nile upande wa Sudan ya leo, na kikosi cha wapanda ngamia kikiwemo. Hakuna bosi wa kampuni aliamka asubuhi akasema Afrika imesahaulika. Wapenzi wa historia walikaa wakasoma, wakachora majengo, wakaandika majina, wakatuma. Kazi ikakubaliwa.

Mtu ataniambia, "Lakini hiyo ni kazi ya mainjinia." Hapana. Hebu tumtengeneze ngamia pamoja hapa.

Ngozi ya kipande cha Luanti ni picha ndogo, kawaida pikseli 16 kwa 16. Hizo ni vidoti 256 tu. Unaweza kuchora kwa simu ukingojea chai ichemke. Anza na vitu rahisi: udongo mwekundu wa hapa, ukuta wa kisima, mkeka wa aqal, ile nyumba ya duara inayofungwa juu ya ngamia mkihama. Umbo la ngamia mwenyewe unalichonga kwa Blender, ambayo pia ni huria. Halafu kuna msimbo. Umeandikwa kwa lugha inaitwa Lua, na tabia ya mnyama ni mistari unaweza kuisoma kama risiti: anatembea kasi gani, anakula nini, anakaa muda gani bila maji. Hapo ndipo wewe uko mbele ya mchora pengwini. Nani anajua ngamia anabeba nini, anakataa nini, anasimamaje akiwa na kiu? Wewe au kijana wa Helsinki?

Na ukishaweka ngamia, kuna dunia nzima inamngoja. Kisima chenye zamu. Mvua inayokosa msimu mmoja, halafu wa pili. Kati ya 2020 na 2022 Pembe ya Afrika ilikosa misimu 5 mfululizo. Sisi hatuhitaji kufikiria sana ili tutengeneze gemu ngumu ya kuokoa maisha. Tuliiona ikichezwa na wazazi wetu, na mizoga ilikuwa kando ya barabara.

Huwezi kuchora wala kuandika Lua? Kuna lugha. Kwenye orodha ya lugha za Luanti, Kiswahili kipo. Kuna mtu, sijui ni nani, alikaa akatafsiri mistari hiyo bila kulipwa, na leo mtoto anaweza kuona maneno ya kwao. Si jambo jipya. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Hawakungoja Microsoft iwahurumie. Sasa, mara ya mwisho nilipofungua orodha ya Luanti, Kisomali sikukiona. Kutulo nzima inaongea Kisomali. Tafsiri zinafanywa kwenye tovuti ya Weblate, sentensi moja moja, hata kwa simu. Hii nayo tumsubiri nani?

Nakuja kwa hoja ngumu, yenye naiheshimu: "Kwa nini nifanye kazi bila pesa? Nina njaa mimi."

Hii hoja haitoki hewani. Kenya tumeonjeshwa kazi ya kidijitali. Januari 2023 jarida la TIME liliandika kwamba Wakenya waliokuwa wakisoma na kupanga maandishi machafu ya kufundishia ChatGPT, kupitia kampuni ya Sama, walipata chini ya dola 2 kwa saa. Na hata huku chini tunajuana. Kuna biashara moja ilinifanyisha video tatu, ikanilipa kwa neno "utajulikana". Nikajulikana, eeh, kama mtu wa kufanyishwa kazi bure. Kwa hivyo ukiniambia umechoka kutumiwa, sitakubishia hata dakika moja.

Lakini uliza swali moja: kazi ikiisha inabaki na nani? Ile ya dola 2, ukimaliza saa yako unaondoka mikono mitupu. Jina lako halipo, ulichofanya huruhusiwi kukionyesha, na ujuzi wenyewe ni wa kubonyeza. Ile ya video tatu, zilibaki na mwenye duka. Ngamia wa Luanti anabaki na jina lako kwenye historia ya mradi, na tarehe, kila mtu akiona. Leseni inasema mtu yeyote akimtumia akutaje. Na wewe mwenyewe unaweza kumchukua kesho ukamweka kwenye gemu yako ya kuuza. Tena Lua si ujuzi wa kuzika: Roblox inatumia lugha iliyotokana nayo. Unajifunza kwa kitu chako, siku ya kutafuta pesa unaenda na kitu cha kuonyesha.

Sisemi uache kibarua. Sisemi ulishe watoto kwa leseni. Kama huna chakula cha jioni, funga hii posti uende ukatafute. Naongea na wewe mwenye masaa matatu ya Free Fire kila usiku. Hayo masaa tayari unayafanya bila malipo. Tofauti ni kwamba unayapea Garena.

Hoja ya pili: "Mimi sijasoma." Na mimi niliacha chuo, na hakuna siku mradi huria uliniuliza cheti. Wanauliza kazi iko wapi. Watakurudishia, watakwambia picha hii umeitoa wapi, hatupokei kitu cha kunakili, panga mistari yako vizuri, tuma tena. Inauma kidogo, lakini ni maoni ambayo mhadhiri mwenye wanafunzi mia tatu hawezi kukupa. Na hiyo Lua haikutoka Marekani. Ilizaliwa Brazil, kwenye chuo kimoja cha Rio de Janeiro, mwaka 1993. Watu wa kusini mwa dunia ndio waliandika lugha ambayo dunia inachezea.

Hoja ya tatu: "Sina vifaa, mtandao unapotea." Lual Mayen wa Sudan Kusini alikulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu kumnunulia laptop, na alikuwa anatembea masaa kwenda kuichaji. Akatengeneza gemu yake Salaam, na mwaka 2018 akatambuliwa kwenye jukwaa la The Game Awards. Simtaji ili nikuaibishe. Mtu hafai kutembea masaa kutafuta umeme. Namtaja kwa sababu Luanti inahitaji hata kidogo zaidi: ukishaipakua mara moja, laptop moja inaweza kuwa mwenyeji na simu kumi zikaingia kwa waifai ya chumba hicho bila bando hata moja.

Kwa hivyo sasa nageukia wakubwa. Kila wadi kati ya wadi 1,450 iliahidiwa kituo cha kidijitali. Mpango wa Ajira upo tangu 2016. Tunafundishwa nini? Kunakili sauti kuwa maandishi na kujaza data ya watu wa mbali. Mnatufundisha kuwa vibarua wa haraka. Wekeni laptop moja yenye Luanti kwenye hivyo vituo, na kazi ya mwisho wa mafunzo iwe mchango mmoja uliokubaliwa kwenye mradi huria wowote. Mchango mmoja wenye jina la mtu. Hiyo ni rahisi kukagua kuliko picha za viongozi wakikata utepe.

Na wazee wetu wanaosema gemu ni upuzi, kwa heshima zote: mnacheza shax chini ya mti mchana kutwa. Mnachora mchangani, kila mtu mawe yake 12, mnatafuta jare ya mawe matatu kwenye mstari. Shax haina kampuni. Haina mwenyewe. Kila mtu anaweza kuichora popote na kumfundisha mwingine. Hiyo ni gemu huria, na mmeitunza kabla sisi hatujazaliwa. Tunaomba tu mtufundishe kanuni zote vizuri, ili tuziandike zisipotee na nyinyi.

Wenzangu wa kontenti, nyinyi ndio nawadai zaidi. Tunajua kuedit, kuchora kava, kuandika maneno ya kuvuta watu. Hizo zote ni kazi miradi hii inahitaji. Mcheza kwao hutunzwa, lakini sisi tunacheza kwa watu halafu tunashangaa hatutunzwi.

Wiki hii chagua kimoja: sentensi ishirini za Kisomali, picha moja ya pikseli 16, au kanuni za shax ulizozitoa kwa babu. Tuma. Kikikubaliwa niandikie, nitakicheza laivu na jina lako nitalisoma mbele ya watu. Na kuanzia leo, yeyote akiniachia komenti ya "na sisi je?", sijibu maneno. Nampa linki ya mahali pa kutumia kazi.