Muhogo Mchungu na Miguu ya Watoto
Akina mama wapenzi, kila mmoja wenu alifundishwa na mama yake kulowesha muhogo mchungu majini siku tatu, kisha kuuanika na kuutwanga. Leo tueleze sababu yake, maana njaa inapoingia nyumbani, siku hizo tatu ndizo hupunguzwa kwanza.

Ndani ya muhogo mna kitu kiitwacho linamarini: ni sukari iliyoshikamana na sumu. Muhogo ungali mzima, linamarini hukaa mbali na kimeng'enya kiwezacho kuivunja. Muhogo ukilainika majini, viwili hivyo hukutana, linamarini huvunjika, na ile sumu, yaani sianidi, hupotea majini na hewani. Kuupika tu hakutoshi, kwa kuwa moto huharibu kimeng'enya upesi, na linamarini hubaki.

Sianidi kidogo mwili waweza kuishinda. Huigeuza kwa salfa ipatikanayo katika nyama, samaki na mayai, kisha huitoa kwa mkojo. Lakini mtoto alaye bukari tupu siku kwa siku hana salfa ya kutosha. Ndipo konzo humpata: jana alikimbia na wenzake, leo miguu yake yote miwili imekakamaa, wala hakuna dawa ya kuirudisha. Neno konzo ni la Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliandika habari za ugonjwa huo wa Kwango mwaka wa 1938, na hata leo haujaisha.

Je, kama unga umekwisha kutwangwa, nanyi mna shaka nao? Uchanganyeni na maji hata ulowe wote. Utandazeni mwembamba, usizidi sentimeta 1, uwekeni juani kwa muda wa saa 2, au kivulini kwa muda wa saa 5. Kisha upikeni siku ile ile. Akina mama wa kijiji cha Kay Kalenge, upande wa Popokabaka, walifundishwa njia hii mwaka wa 2010, na walipoifuata hakuonekana mgonjwa mpya.

Nanyi akina baba, msiwahimize wake zenu kuutoa muhogo majini kabla ya wakati, wala kuuza upesi ule ulioloweshwa siku moja tu. Na mpatapo samaki au mayai, watoto wapewe kwanza.