MASOMO YA SIMU NI YA NANI?

Ndugu wanachama, Machi 2020 shule zilipofungwa kwa korona, wapo waliosema watoto wasome kwa intaneti. Wasome na nini? Simu zetu nyingi ni za tochi. Yenye intaneti anayo baba, naye yuko nayo shamba. Bando likiisha, somo nalo limekwisha. Wenye nazo walisoma, wa kwetu wakachunga mbuzi mpaka Juni 29.

Hatukatai mitambo sisi. Wazee wetu mwaka 1973 walisoma Mtu ni Afya kwa redio, na vyoo wakachimba! Lakini redio ile ilikuwa ya kikundi, kitabu kipo, kiongozi yupo. Kila mtoto na bando la baba yake, huo ni ubaguzi. Umeme na kompyuta viwekwe shuleni, vya wote. Jumamosi mkutanoni tulidai hilo.