Kelele si Pumzi

Vijana wenzangu, leo naomba tugombane.

Kijiweni kwetu hapa Dar kuna imani moja ambayo haipingwi: ukipata gari la turbo, kwanza ng'oa boksi la chujio la hewa alilotengeneza Mjapani, pachika chujio la wazi lenye umbo la koni, na gari litapaa. Ukibisha unaitwa mshamba. Basi mimi mshamba. Nabisha kwa sababu niliamini, nikafunga kwa mikono yangu hii, na injini ya kaka yangu ikafa.

Tuanze na ukweli wao. Hewa ya baridi imeshikamana kuliko ya moto, kwa hiyo injini hupata zaidi katika kila pumzi. Sawa kabisa. Sasa hilo koni lako limekaa wapi? Ndani ya boneti, pembeni ya injini inayochemka! Nje kukiwa nyuzi 32 na ndani ya boneti 60, kila pumzi inapungua uzito kwa asilimia 8 hivi. Boksi ulilotupa lilikuwa linavuta hewa ya nje, kutoka upande wa madigadi. Umetupa baridi, ukanunua joto, tena kwa pesa taslimu.

"Mbona boneti ina tundu?" Nilijua mtauliza. Lile tundu la Impreza WRX halilishi chujio. Linapuliza intakula, kipoza-hewa kilichokaa juu ya injini, kwa maana turbo ikishindilia hewa huipasha moto. Na ule mluzi mnaousifia ulikuwepo tangu zamani, boksi lilikuwa linaufunika tu. Debe tupu haliachi kutika.

Kuna baya zaidi. Baada ya chujio kuna kihisio kinachopima hewa ili kompyuta ijue imwage petroli kiasi gani. Ukibadili upana wa bomba, kipimo kinasema uongo. Petroli ikipungua wakati turbo inashindilia, moto hulipuka kabla ya wakati wake na pistoni hupasuka. Kibano kikilegea, vumbi linaingia moja kwa moja kwenye mapanga ya turbo yanayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

Mimi nilijiona mjanja. Nilimaliza kidato cha nne, nikawa nashika spana gerejini mchana na kalamu usiku. Nikajua koni ndani ya boneti ni ujinga, kwa hiyo kwenye Forester ya kaka nilishusha bomba hadi nyuma ya bampa, karibu na lami, kwenye hewa baridi kweli. Gari likawa bomba ile mbaya. Kaka alikuwa akilikodisha kwa wiki, na ndilo lililolipa ada ya mdogo wetu.

Mvua za Aprili 2024 zikaja. Tulipita kwenye maji ambayo hayakufika hata magotini. Chujio likanywa. Maji hayashindiliki kama hewa: pistoni ilipanda ikakuta ukuta, konrodi zikapinda, injini ikanoki palepale. Kaka hakunifokea. Alivua viatu, akasema, "Dogo, shuka tusukume." Mdogo wetu alikaa nyumbani muhula mzima.

Mtanitajia rali. Mwaka 1995 sheria zililazimisha turbo za rali kupumua kupitia tundu la milimita 34, na mwaka huohuo Colin McRae akawa bingwa wa dunia na Impreza. Na magari mengi ya Safari Rally ya miaka hiyo yalifungwa bomba la hewa lililopanda kando ya kioo cha mbele, yapate kuvuka mito. Wao walipandisha pua. Sisi, wakazi wa mji ambao Jangwani hugeuka bahari Msimbazi ukifurika, tunaishusha!

Ushauri wangu hauna mbwembwe. Acha boksi lilipo, weka chujio safi, kaza vibano. Ukishindwa kujizuia, koni lifungiwe ndani ya boksi, mdomo wa bomba ukae juu, na kompyuta ipangwe upya na mtu anayejua. Fundi asiyekutajia kompyuta anakuuzia mluzi.

Na ninyi waandishi wenzangu msicheke. Katika mswada wangu wa riwaya, sura ya tatu, shujaa alifunga koni na gari "likaruka kama chui". Niliandika hivyo kwa sababu ilisikika vizuri, wala sikuwahi kuuliza hewa inatoka wapi. Ni kosa lilelile la gerejini. Sura hiyo nimeichana. Ya sasa ina watu wawili wasio na viatu wanaosukuma gari kwenye mvua, na hakuna anayesema neno.

Anayebisha aandike, nafasi ipo. Ila kwanza afungue boneti.