Kukunja si kuvunja

Wako watu ambao wakisikia habari ya shule ambamo mtoto anajichagulia kazi, wanacheka. Wanasema: «Hiyo si shule, ni mchezo. Mtoto asiyepigwa hajui kitu.» Wasomaji wapenzi, kabla ya kucheka pamoja nao, tutazame kwanza siku moja ya shule ya namna hiyo.

Maria Montessori alikuwa daktari, Mkatoliki wa Italia. Tarehe 6 Januari 1907, siku kuu ya Epifania, alifungua Nyumba ya Watoto katika San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Roma. Waliingia watoto kama 50, wana wa vibarua. Mlezi wao wa kwanza hakuwa mtu aliyesomea ualimu.

Utaratibu wa siku aliuandika yeye mwenyewe. Saa 3 asubuhi watoto wanaingia na kusalimu. Wanatazamwa kama mikono, kucha na nguo ni safi. Wanasaidiana kuvaa aproni, wanapangusa vumbi, wanaweka kila kitu mahali pake. Inafuata sala. Saa 4 ni kazi ya akili: huyu anapanga vipande vya mbao kwa ukubwa wake, yule anapitisha vidole juu ya herufi za karatasi ya msasa, mpaka mkono uzoee njia ya herufi. Saa 5 na nusu ni chakula, na watoto wenyewe wanaandaa meza. Kisha michezo. Saa 8 wanafinyanga udongo. Saa 9 wanaimba na kutunza mimea. Saa 10 wanarudi nyumbani.

Je, fujo iko wapi hapo? Mtoto anachagua, ndiyo, lakini anachagua katika vitu alivyotayarisha mwalimu. Akimaliza, anavirudisha mahali pake. Hana ruhusa ya kumnyang'anya mwenzake. Anayesumbua wengine anakalishwa peke yake kwenye meza ndogo, awaone wenzake wakifanya kazi, mpaka atamani kurudi. Fimbo hakuna, wala zawadi hakuna.

Tena kuna zoezi la kimya. Watoto wote wanatulia kabisa; mlezi anasimama mbali, anaita jina moja moja kwa kunong'ona. Anayeitwa anakwenda polepole, asigonge hata kiti. Mwalimu wa fimbo naye anapata kimya, lakini atoke nje kidogo tu, mtasikia kelele! Kwa nini? Kwa sababu kimya kile kilikuwa chake, si cha watoto.

Wengine watajibu: «Samaki mkunje angali mbichi.» Ni neno la kweli. Lakini kukunja si kuvunja. Mtoto anayeogopa hasemi kwamba hajaelewa. Anaimba pamoja na kalasi nzima «mbili mara tatu, sita», na mwalimu anafurahi. Kumbe, mwulize peke yake, weka mawe mbele yake, hajui kuyahesabu. Hapo fimbo imefundisha nini? Imefundisha kuficha ujinga.

Wengine tena watasema: «Hayo ni mambo ya Wazungu wenye franga.» Je, watoto wa San Lorenzo walikuwa matajiri? Ni kweli, vyombo vya Montessori vya kununua vina bei kali, na kalasi zetu zimejaa. Lakini ufagio, maji, udongo, mbegu na mawe ya kuhesabia havitoki Ulaya. Na kumwacha mtoto afunge vifungo vyake mwenyewe, badala ya kumfungia kwa hasira, hakuna bei yake.

Basi wazazi, mkienda kumwona mwalimu, msimwambie tena: «Mpige sana, ni wako.» Mwulizeni: «Mwanangu anaweza kufanya nini peke yake leo, ambacho mwezi uliopita hakukiweza?» Mwalimu mwema atafurahi kuulizwa hivyo. Na yule asiye na jibu, fimbo yake haitamjibia.