Kibarua Bila Barua: Lugha na Haki ya Mfanyakazi wa Msimu Chomboni

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii imekuwa kama kiitikio cha utalii katika Pwani ya Kenya: mgeni akishuka, mwenyeji hupata riziki. Hata hivyo, methali haisemi mwenyeji atapona kwa siku ngapi, wala haimwelezi la kufanya mgeni akishaondoka. Swali hilo ndilo linalomkabili kijana wa Bombolulu anayeajiriwa kwa msimu katika vyombo vinavyowatembeza na kuwalisha watalii katika maji ya Mombasa. Makala haya yanadai kuwa sehemu kubwa ya tatizo lake ni ya lugha, na kwa sababu hiyo linawahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili moja kwa moja.

Bombolulu iko upande wa bara, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, kando ya barabara iendayo Malindi. Wageni wengi huijua kwa karakana za watu wenye ulemavu zilizoanzishwa mwaka wa 1969, ambako hununua vito na kazi nyingine za mikono. Wenyeji huijua zaidi kama mtaa wa makazi: mahali wanapopanga vyumba watu wanaofanya kazi katika hoteli za Nyali na Bamburi, au kisiwani ng'ambo ya Daraja la Nyali lililofunguliwa mwaka wa 1980. Miongoni mwao wamo wahudumu wa vyombo, hasa majahazi yaliyogeuzwa kuwa mikahawa, ambayo jioni huzunguka katika hori ya Tudor huku wageni wakiutazama Mji wa Kale na kula kamba na samaki wa kuchoma.

Kazi yenyewe si nyepesi kama inavyoonekana katika picha za matangazo. Mhudumu hufika mapema kuosha sitaha, kupanga meza na kupakia makaa, barafu na vinywaji. Wageni wanapowasili huwapa madafu, huwashika mkono wazee wanapovuka ubao, huwaonyesha maboya ya kujiokolea, kisha hubeba sahani juu ya sakafu inayoyumba. Wageni wakishashuka, yeye hubaki kuosha vyombo na kufagia. Saa anayomaliza, matatu za kwenda Bombolulu zimepungua, na nauli ya pikipiki huenda ikameza bakshishi yote aliyoipata. Haya yote huyastahimili kwa kuwa anajua msimu ni mfupi.

Neno hili "msimu" linastahili kutazamwa kwa makini. Asili yake ni Kiarabu, na katika mwambao huu lilifungamana tangu kale na pepo za bahari. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Ghuba kuanzia mwezi wa Desemba. Kusi iliyarudisha makwao. Kazi ya msimu baharini, basi, si jambo geni kwa Waswahili. Lililo geni ni kwamba msimu wa leo hautegemei pepo tu. Mvua za masika kuanzia Aprili hupunguza wageni, lakini habari moja inayotangazwa Ulaya inaweza kuwaondoa kwa siku chache. Vurugu za Likoni za Agosti 1997, shambulio la hoteli ya Kikambala la tarehe 28 Novemba 2002, na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zote ziliwafukuza watalii. Mnamo Novemba 2005 maharamia waliishambulia meli ya kitalii ya Seabourn Spirit katika pwani ya Somalia ilipokuwa ikielekea Mombasa. Mei 2014 Uingereza iliwashauri raia wake wasisafiri Mombasa ila kwa jambo la lazima, na baadhi ya kampuni za safari zikawarudisha wageni wao nyumbani kabla ya siku zao kwisha. Machi 2020, korona ilifunga anga na bandari. Kila mara, wa kwanza kuambiwa abaki nyumbani alikuwa yule ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Hapa ndipo neno la pili linapojitokeza. Mfanyakazi wa namna hii huitwa kibarua. Mwanafunzi yeyote wa mofolojia ataona kuwa neno hili ni barua iliyoongezwa kiambishi cha udogo: ki-barua, yaani barua ndogo. Kamusi za zamani zinaeleza kuwa kibarua kilikuwa kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa ili akionyeshe wakati wa kulipwa ujira wake. Kwa kupanuka kwa maana, jina la kikaratasi likawa jina la kazi, kisha likawa jina la mtu mwenyewe. Ajabu ni kwamba mtu amelibeba jina, lakini karatasi imetoweka. Kibarua wa leo aghalabu huitwa kwa simu, huambiwa aje na suruali nyeusi na shati jeupe, na hulipwa bila kutia saini mahali popote. Ni kibarua asiye na barua.

Sheria ya Kenya haikuridhia hali hiyo. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, katika kifungu cha 9, inaagiza kuwa mkataba wa kazi inayofikia jumla ya miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na kwamba jukumu la kuuandika ni la mwajiri. Kifungu hichohicho kinasema kuwa mfanyakazi asiyejua kusoma, au asiyeielewa lugha ya mkataba, ni sharti aelezwe masharti yake kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 10 kinaongeza kuwa kesi ikifika mahakamani na mwajiri akashindwa kutoa mkataba wa maandishi, ni juu yake kukanusha anayodai mfanyakazi kuhusu masharti ya kazi. Kifungu cha 37 nacho kinampa kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja njia ya kuhesabiwa kama mwajiriwa wa mshahara wa mwezi, mwenye haki ya kupewa ilani. Hizi ni haki nzito. Lakini ni wangapi wa Bombolulu wamewahi kuzisoma kwa Kiswahili chepesi kinachoeleweka?

Neno la tatu ni "baharia". Katika mazungumzo ya kawaida, baharia ni mtu wa tanga, kamba na usukani. Mpishi na mhudumu wa meza hawahesabiki. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, uliopitishwa na Shirika la Kazi Duniani na kuridhiwa na Kenya mwaka wa 2014, una maana pana zaidi: baharia ni kila anayefanya kazi melini kwa cheo chochote, mbeba sahani akiwemo. Habari hiyo ingekuwa njema kwa mhudumu wa jahazi la Tudor, lakini mkataba huohuo unaviacha nje vyombo vya muundo wa jadi kama majahazi, pamoja na meli ambazo haziondoki katika maji yaliyokingwa. Kwa hivyo vijana wawili wa mtaa mmoja wanaweza kufanya kazi ileile, mmoja katika meli kubwa ya kimataifa na mwingine katika jahazi la hori, wa kwanza akawa baharia kisheria na wa pili asiwe. Huyu wa pili hana ngao ila sheria ya nchi, na sheria ya nchi humfaa anayeielewa.

Linganisha hali hiyo na namna Kiswahili kinavyotumika chomboni. Mgeni anapopanda hulakiwa kwa "jambo", neno ambalo Mmvita hamsalimii nalo mwenzake kavu namna hiyo. Huimbiwa wimbo wa Jambo Bwana, uliosambazwa na kundi la Them Mushrooms la Mombasa tangu miaka ya 1980, na huambiwa "hakuna matata" hata na mtu ambaye nyumbani kwake husema "hapana neno". Hakuna ubaya katika kumchekesha mgeni, na ukarimu si kosa. Ubaya uko katika mgawanyo wa kazi baina ya lugha. Kiswahili kimepewa kazi ya kutabasamu. Kiingereza kimepewa kazi ya kuamua. Mfanyakazi huuza lugha yake ikiwa imekatwakatwa vipande vidogo ili mgeni aimeze kwa urahisi, kisha masharti ya maisha yake, yakiandikwa hata kidogo, huandikwa kwa lugha nyingine.

Kuna watakaopinga kuwa vijana wengi wa leo wamefika kidato cha nne na wanajua Kiingereza, kwa hivyo tafsiri haina haja. Jibu ni kwamba kuagiza chakula kwa Kiingereza na kuelewa Kiingereza cha wanasheria ni mambo mawili tofauti. Wengine watasema kuwa mwenye chombo naye ni mateka wa msimu. Akifungwa na mikataba, atafilisika wageni wasipokuja. Hoja hii ina uzito. Hata hivyo, mkataba wa maandishi haumlazimishi mwajiri kulipa fedha asizo nazo. Unamlazimisha aseme mapema hasara itagawanywaje. Hata katika majahazi ya biashara ya zamani, mabaharia waligawiwa sehemu ya pato la safari kwa kanuni iliyojulikana kabla ya kung'oa nanga. Si kwamba zama zile zilikuwa za neema tupu, kwani wengi walisafiri wakiwa na deni la fedha walizotangulizwa. Lakini mgao wao ulijulikana. Kijana wa leo hajui hata akiambiwa arudi nyumbani kwa sababu safari imefutwa kama nauli yake itarudishwa.

Wajibu wa wanaosoma Kiswahili unaanzia hapo. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Tangu 2022, tarehe 7 Julai huadhimishwa kama Siku ya Kiswahili Duniani, kwa hotuba, ngonjera na fulana. Sherehe hizo ni njema, lakini hazitoshi. Idara za Kiswahili za vyuo vikuu vya Pwani zingeweza kushirikiana na wanasheria pamoja na chama cha wafanyakazi wa hoteli, KUDHEIHA, kuandaa mkataba wa mfano wa ukurasa mmoja kwa kazi ya msimu. Useme kazi inaanza na kwisha lini, malipo ni kiasi gani na hulipwa siku gani, bakshishi inagawanywaje, nani hugharimia usafiri wa usiku, safari ikifutwa mhudumu anapata nini, akiumia chomboni anatibiwa na nani. Istilahi nyingi zipo tayari: ujira, ilani, fidia, saa za ziada. Zilizosalia zitafutwe kwanza vinywani mwa wafanyakazi wenyewe kabla ya kubuniwa ofisini.

Kazi hiyo inahitaji utafiti wa nyanjani, si wa maktabani pekee. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu anaweza kuchunguza lugha ya sitaha na jikoni chomboni: amri, mizaha, majina ya vifaa, na jinsi wahudumu wanavyozungumza mgeni akiwa mbali. Fasihi nayo ina deni lake. Ushairi wa Mombasa tangu enzi za Muyaka umeijua bahari, vyombo na manahodha. Mhudumu anayeosha sahani usiku wa manane bado anamngoja mtunzi wake.

Mikoba ya wageni wa kaskazi ijayo haijafungwa bado, na simu za kuwaita vibarua hazijaanza kulia. Ukurasa mmoja wa Kiswahili sanifu unaweza kuandikwa, kujadiliwa katika kongamano la chama, na kupelekwa Bombolulu kabla ya hapo. Kibarua atarudishiwa barua yake, na mwenyeji atajua angalau atapona kwa siku ngapi.