Busha Lipelekwe Hospitali

Yako maradhi ambayo mtu huyataja hadharani, na yako yale ambayo huyasitiri hata mbele ya mkewe. Busha ni katika hayo ya pili. Mwanamume huacha kwenda shambani au baharini, huwakwepa wenzake barazani, na mwisho hukaa nyumbani akidhaniwa kuwa mvivu. Twaona kwamba wakati umefika wa kulizungumza jambo hili bila ya kificho, kwani hasara yake huibeba familia nzima.

Yafaa kwanza ifahamike busha ni nini. Kila korodani imezungukwa na utando wa tabaka mbili, na baina yake huwamo majimaji kidogo. Majimaji hayo yakizidi, mfuko huvimba. Katika pwani ya Tanzania, Kenya na Msumbiji, na kaskazini ya Uganda, sababu kubwa ni minyoo ya filaria inayoenezwa na mbu. Minyoo hiyo huishi miaka kadhaa katika mishipa ya limfu na kuiharibu. Ndiyo iletayo matende miguuni pia. Kwa hiyo wanaodai kwamba busha huletwa na madafu, au na uchawi wa jirani, wanamsingizia mnazi na jirani bure, huku mbu akiachwa atambe.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba wanaume milioni 25 wana mabusha ya aina hii. Mwaka 2000 shirika hilo lilianzisha mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu kwa kuwagawia dawa, mara moja kwa mwaka, wakazi wa maeneo yenye maambukizo, hata wale wasiojiona wagonjwa. Mwaka 2020 Malawi ilithibitishwa kuwa imefanikiwa kuuondoa usiwe tena tatizo la afya ya umma. Basi anayezikataa dawa hizo kwa kuwa haumwi, anawawekea mbu akiba ya kuwaambukizia wengine.

Hata hivyo, dawa hizo huzuia maambukizo. Haziliondoi busha lililokwisha kukomaa. Tiba yake ni upasuaji, nao si mkubwa. Kulitoboa kwa sindano na kumwaga maji si tiba, kwani aghalabu maji hurudi, na vijidudu huweza kuingia.

Tena si kila uvimbe ni busha. Waweza kuwa ngiri, yaani utumbo ulioshuka. Waweza kuwa kifuko kidogo cha maji nyuma ya korodani, ambacho kwa kawaida hakina madhara. Lakini uvimbe mgumu katika korodani yenyewe waweza kuwa saratani, na maumivu makali ya ghafla yaweza kuwa ishara kwamba korodani imejisokota, nayo hufa kwa saa chache isipookolewa. Wa kuyapambanua hayo ni daktari, wala si mgonjwa mwenyewe.

Twawasihi wanaosimamia afya wahakikishe kwamba upasuaji huu unapatikana wilayani kwa gharama ambayo mkulima na mvuvi wataimudu. Twawasihi wananchi waache kumtungia mzaha mwenye busha, maana mzaha huo ndio unaomfungia ndani. Na kwa mwenyewe twasema: wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Nenda hospitali, ndugu.